Ufa wa Mwanga na Mchanga Mdomoni: Taswira za Matumaini na Kunusurika katika Bunilizi ya Mikasa ya Unguja

Ikisiri

Makala hii inachunguza jinsi matumaini na kunusurika vinavyosawiriwa katika bunilizi ya mikasa yenye asili ya Unguja, kuanzia ngano zilizochapishwa na Edward Steere mwaka 1870 hadi riwaya za Muhammed Said Abdulla na Adam Shafi. Hoja yake kuu ni kwamba katika kazi hizi matumaini hayajitokezi kama hisia ya moyoni pekee, bali kama kazi: kusoma dalili, kukesha, kuvuka na kulipa deni. Makala inaanza na uchunguzi wa vitenzi vya kunusurika katika Kiswahili, kisha inapitia taswira nne: ufa, mchanga, ng'ambo na jela. Inahitimisha kwa kuonesha kwamba swali zito la bunilizi hii si kama mhusika atatoka shimoni, bali ni nani aliyelipia kutoka kwake.

1.0 Utangulizi

Hadithi ya mikasa hujengwa juu ya swali jepesi: je, mhusika atatoka salama? Kwa sababu swali hilo ni jepesi, uhakiki wa Kiswahili umekuwa na mazoea ya kuiweka hadithi ya aina hii karibu na mlango wa fasihi pendwa, isomwe kwa burudani na isidaiwe fikra. Darasani hali haitofautiani sana. Mwanafunzi akiulizwa dhamira za riwaya ataandika "matumaini" katika orodha, baada ya "mapenzi" na "ukombozi", kisha ataendelea na dhamira inayofuata. Neno limetajwa, lakini halijaelezwa. Matumaini ya nani? Yametokana na nini? Yamemgharimu nani?

Maswali hayo yana uzito wa pekee Unguja. Mkusanyo wa Steere uitwao *Swahili Tales*, ambao jina lake refu linatamka wazi kwamba hadithi zake zilisimuliwa na wenyeji wa Zanzibar, ulichapwa London mwaka 1870. Wakati huo soko la watumwa la Mkunazini lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873, na ni juu ya uwanja huo huo Steere, akiwa askofu, alisimamia ujenzi wa kanisa kuu linalosimama hadi leo. Kwa hiyo ngano za watu walioachwa mashimoni, waliochakura majaani na waliowinda mla watu zilisimuliwa katika mji ambamo binadamu alikuwa na bei. Haijuzu kudai kwamba kila ngano ni fumbo la utumwa, maana nyingine zina asili ya mbali, Arabuni na Bara Hindi. Hata hivyo, haijuzu pia kuzisoma kana kwamba waliozisikiliza hawakujua shimo ni nini.

Makala hii inazichukua ngano tatu za mkusanyo huo, yaani kisa cha Hasibu na Sultani wa Nyoka, kisa cha Sultani Majinuni na kisa cha Sultani Darai, na kuzisoma sambamba na riwaya nne: *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960) ya Muhammed Said Abdulla, na *Vuta N'kuvute* (1999), *Haini* (2003) na *Mbali na Nyumbani* (2013) za Adam Shafi. Kinachoziunganisha si ukoo wa maandishi, kwani haidaiwi hapa kwamba mwandishi mmoja alimwiga mwingine. Zinaunganishwa na lugha ya Kiunguja, na mji mmoja ambao mipaka yake inajirudia katika kazi hizo.

2.0 Sarufi ya kunusurika

Kabla ya kuzitazama kazi zenyewe, inafaa kuyatazama maneno. Mzungumzaji wa Kiswahili anayetaka kusema kwamba mtu amepita katika hatari na bado yu hai ana vitenzi kadhaa mkononi: *ameokoka*, *amenusurika*, *amesalimika*, *amepona*. Vitatu vya mwanzo vina kiambishi cha kauli ya kutendeka. *Okoka* imetokana na *okoa*, *nusurika* na *nusuru*, *salimika* na *salimu*. Kauli hii ina tabia moja inayojulikana: humweleza mtu aliyefikwa na hali, lakini haimpi nafasi mtendaji. Husemwa *mtoto ameokolewa na mvuvi*. Haisemwi *mtoto ameokoka na mvuvi* kwa maana hiyo hiyo. Mvuvi hana mahali pa kukaa katika sentensi ya pili. Hata *pona*, ambayo haina kiambishi hicho, humtaja mgonjwa na kumwacha mganga nje. Akitakiwa mganga, kitenzi hakina budi kugeuka *ponya*.

Maana yake ni kwamba katika matumizi ya kawaida sarufi humficha mwokozi. Aliyenusurika hubaki peke yake mbele ya kitenzi. Itaonekana katika sehemu ya sita kwamba masimulizi ya Unguja hufanya kinyume: humtafuta yule ambaye sentensi imemficha na kumrudisha mbele ya msikilizaji.

Upande wa matumaini una utata wake. *Tazamia* imejengwa juu ya *tazama*. Mwenye kutazamia ni mwenye kuelekeza macho mahali. *Tegemea* ni kuegemeza uzito juu ya kitu. Neno lenye mvutano zaidi ni *tamaa*. Katika nahau *kukata tamaa*, tamaa ndiyo matumaini yenyewe, na kitenzi *kata* kinayafanya yaonekane kama kamba au uzi. Nje ya nahau hiyo, tamaa mara nyingi ni ila, ndiyo maana mtu wa tamaa hasifiwi. Neno moja basi linabeba kile kinachomweka mtu hai na kile kinachomwangamiza. Ngano ya Sultani Darai, kama itakavyoelezwa, imesimama juu ya utata huo.

3.0 Ufa: matumaini kama usomaji wa dalili

Hasibu ni kijana anayefuatana na wakata kuni. Siku moja wanagundua shimo lililojaa asali. Wanaichota siku nyingi, wanaiuza, wanapata fedha. Ilipobakia ya chini kabisa, wanamshusha Hasibu aikombe, kisha wanamwacha humo na kumpelekea mama yake habari kwamba mwanawe ameliwa na simba. Kijana anabaki shimoni akila masazo ya asali.

Taswira hii haikuchaguliwa ovyo. Shimo la Hasibu si la njaa. Ni la utamu. Linamlisha, lakini halimtoi. Hapo ngano inatenganisha mambo mawili ambayo wasomaji huyachanganya, yaani kubaki hai na kunusurika. Hasibu angeweza kuishi siku kadhaa kwa asali na kufa humo humo. Kinachomtoa si dua iliyojibiwa kwa muujiza wala kamba iliyoteremshwa na mpita njia. Ni nge. Hasibu anamwona nge akianguka, anamwua, kisha anajiuliza: huyu nge ametoka wapi? Swali hilo linamfanya atafute, anaona ufa unaopenyeza mwanga, anauchokoa kwa kisu mpaka unakuwa njia.

Mpangilio wa matukio unastahili kuangaliwa. Jambo la kwanza kumfikia Hasibu ni hatari, si mwanga, na mwanga unapatikana kwa sababu hatari imeulizwa asili yake. Katika ngano hii matumaini ni hitimisho la hoja: kiumbe hiki kimeingia, basi pana mahali pa kuingilia, palipo na pa kuingilia, pana pa kutokea.

Mantiki hiyo hiyo ndiyo roho ya *Mzimu wa Watu wa Kale*, riwaya iliyomtambulisha Bwana Msa. Maiti inaonekana mzimuni, na hofu ya watu inaelekea kuwafunga ndani ya maelezo yasiyo na mlango: palipo na mzimu, mwanadamu hana la kuuliza. Bwana Msa haudharau mzimu kwa kelele. Anachofanya ni kuuliza kila dalili imetoka wapi. Wahakiki wamezoea kumlinganisha na Sherlock Holmes, na kufanana kwao ni kwa dhahiri, hadi kiko chake. Lakini msikilizaji wa Unguja aliyekulia kwenye kisa cha Hasibu alikuwa tayari na kielelezo cha mtu anayetoka gizani kwa kuuliza swali moja sahihi. Upelelezi kwake haukuwa mgeni kabisa. Ulikuja na koti jipya.

4.0 Mchanga: matumaini kama kukesha

Katika kisa cha Sultani Majinuni upo mtende wa sultani ambao matunda yake huliwa na ndege kila yanapoiva. Wana wa sultani wanapewa zamu ya kuulinda, na mmoja baada ya mwingine anachukuliwa na usingizi. Mdogo wao, kijana wa kukaa jikoni ambaye baba yake hamthamini, anaomba zamu yake. Anakwenda na mahindi ya kukaanga pamoja na mchanga. Anatafuna mahindi, usingizi unapomzidi anatia mchanga kinywani, na ukali wake kwenye meno unamzindua. Ndege anapokuja, yu macho.

Nguvu ya taswira hii imo katika udogo wake. Kijana hana upanga wa ajabu wala hirizi. Ana kitu ambacho kila mtu anacho chini ya nyayo zake. Tena kitu hicho kwa desturi ni kasoro ya chakula: wali wenye mchanga ni aibu ya mpishi. Kijana wa jikoni anajua zaidi ya nduguze jinsi mchanga unavyokera, na maarifa hayo ya jikoni, yaliyodharauliwa barazani, ndiyo yanayomfanya ashinde. Methali husema *subira yavuta heri*, na mara nyingi subira huchukuliwa kuwa ni kukaa kimya. Ngano hii inaifasiri vingine. Subira ni kukesha, na kukesha kuna ladha ya mchanga.

Sehemu ya pili ya kisa hicho ina uzito wa kisiasa. Paka wa sultani anakula kuku, watu wanashtaki, sultani anajibu kwamba paka ni wake na kuku ni wake. Paka anapanda daraja, anakula mifugo mikubwa, jibu ni lile lile. Hatimaye anakula watu, hata wana wa sultani wenyewe, na hapo ndipo anapoitwa kwa jina lake la kweli: nunda, mla watu. Kijana wa jikoni anatoka kumwinda. Kila anaporudi na mnyama aliyemwua akidhani ndiye, mama yake anamwambia siye, na kumsihi aache. Yeye anarudi mwituni tena.

Mambo mawili yanajitokeza. Kwanza, janga halikutoka mwituni. Lililelewa ndani ya jumba, na lilikua kwa sababu mwenye mamlaka alikataa kuliita kwa jina lake. Pili, kijana anakosea mara nyingi kabla ya kupatia. Ngano haimwoneshi kama shujaa asiyekosea, bali kama mtu ambaye kosa halimkatishi tamaa. Mama yake hamdanganyi ili kumfurahisha. Anamwambia wazi kwamba aliyemwua siye. Matumaini yanayodumu katika kisa hiki yanahitaji mtu wa karibu mwenye kusema ukweli.

5.0 Ng'ambo: matumaini kama kuvuka

Mji wa Zanzibar ulikatwa na maji. Mkondo wa bahari uliingia na kuutenga Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe, na makazi ya upande wa pili yaliyoitwa Ng'ambo. Mkondo huo ulifukiwa hatua kwa hatua, lakini majina yalibaki: Darajani pangali panaitwa Darajani, na Ng'ambo pangali ni Ng'ambo. Neno *ng'ambo* ni la kimahusiano. Halina maana mpaka ijulikane msemaji amesimama wapi. Kule kulikoitwa Ng'ambo kuliitwa hivyo na waliosimama kwenye mawe.

*Vuta N'kuvute* inaugeuza mpaka huo kuwa njia ya kunusurika. Yasmin, binti wa Kihindi aliyeozwa mapema kwa Raza, mwanamume anayemzidi umri kupita kiasi, anaikimbia ndoa hiyo na kukataliwa na jamaa zake. Mahali panapompokea ni Ng'ambo, katika chumba cha Mwajuma, mwanamke maskini asiye na udugu naye wa damu wala wa rangi. Kwa mizani ya ukoo wake, Yasmin ameporomoka. Kwa mizani ya hadithi, amevuka. Kwa Mwajuma anajifunza kuishi, na kupitia kwake anakutana na Denge, kijana anayefanya kazi ya siri dhidi ya ukoloni.

Jina la riwaya linastahili uchunguzi wa kiisimu. *Vuta* ni amri kwa nafsi ya pili. *N'kuvute* ni ufupisho wa *nikuvute*, dhamira tegemezi yenye kiambishi cha nafsi ya kwanza kama mtenda na cha nafsi ya pili kama mtendwa. Kitendo kimoja kinarudishwa upande wa pili: wewe unanivuta, nami nakuvuta. Hakuna anayevuta bila kuvutwa. Likisomwa sambamba na nahau *kukata tamaa*, jina hili linaifanya kamba ya matumaini iwe na ncha mbili. Yasmin haokolewi na Denge kama binti mfalme katika ngano, wala Denge hategemei ujasiri wake peke yake. Kila mmoja ameshika upande wake wa kamba, na riwaya haiahidi kwamba kamba itawaweka pamoja. Mwishoni njia zao zinatengana. Wamenusurika, lakini si kama walivyotazamia. Huenda ukweli huo ni sehemu ya sababu iliyoifanya riwaya hii iendelee kuzungumza na vizazi vipya, hata ikafikishwa kwenye filamu ya Amil Shivji mwaka 2021.

6.0 Jela na deni

Ufa wa Hasibu unaelekea nje. Je, matumaini yanakuwaje pale ambapo hakuna nje? Hilo ndilo swali la *Haini*. Riwaya hii inatokana na kamatakamata iliyofuata kuuawa kwa Rais Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Mwandishi mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini, na mhusika wake, Hamza, anayapitia mateso ya kuhojiwa na kungoja. Hapa kanuni ya hadithi ya mikasa inapinduliwa. Mhusika wa mikasa hutenda, mfungwa hutendwa. Safari hakuna, silaha hakuna, na mlango unafunguliwa na mtu mwingine kwa wakati anaoutaka yeye.

Kinachobaki ni jina. Neno *haini* ni hukumu iliyotolewa kabla ya kesi, na kuliweka jalada la kitabu ni kumlazimisha msomaji aamue mwenyewe kama linamfaa aliyebandikwa. Katika kisa cha nunda, mji uliponea pale paka alipoitwa kwa jina lake la kweli. Katika *Haini*, mtu anajaribu kunusurika kutokana na jina la uongo. Uhai wa mwili haumtoshi Hamza. Anapigania abaki kuwa yule aliyekuwa kabla ya kukamatwa.

*Mbali na Nyumbani* inaonekana kuwa kinyume chake: badala ya chumba kilichofungwa, ipo njia isiyokwisha. Kijana wa Kizanzibari anatoka kwao akiwa na shauku ya kufika Ulaya, akielekea kaskazini kwa nchi kavu kupitia Afrika Mashariki na Sudani. Hata hivyo, kazi hizi mbili zinakutana katika jambo moja. Njiani, kama jela, mtu huishi kwa wema wa wasiomjua. Anayefika amepokewa, amelishwa na amefichwa na watu ambao hatawaona tena.

Hapa hoja ya sehemu ya pili inarudi. Sarufi husema *amenusurika* na kunyamaza. Masimulizi hayanyamazi. Hasibu anatoka shimoni akafikia nchi ya Sultani wa Nyoka, ambaye anamrudisha kwao kwa sharti. Sharti linavunjika, na Sultani wa Nyoka anauawa ili mwanadamu aponywe. Hata anapokwenda kufa, anamwelekeza Hasibu namna ya kubaki hai. Katika kisa cha Sultani Darai, Hamdani, maskini wa kuchakura majaani, anaokota thumni moja na kununua paa. Paa huyo anampatia mke, jina na jumba, baada ya kumwua nyoka mwenye vichwa saba. Kisha paa anaugua, na Hamdani, ambaye sasa ni tajiri, anamdharau mpaka anakufa. Hamdani anajikuta tena jaani, akichakura. Tamaa iliyomwinua asubuhi ndiyo iliyomzika jioni: alipokuwa hana kitu ilikuwa matumaini, alipopata ikawa uchoyo. Tofauti ya maana mbili za neno hilo, ngano inasema, ni shukrani.

Kwa kipimo hicho, Mwajuma wa *Vuta N'kuvute* ni wa ukoo wa paa. Yeye ndiye aliyefungua mlango, na msomaji anayemsahau kwa kuvutiwa na mapenzi ya Yasmin na Denge anafanya kosa la Hamdani.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba katika bunilizi ya mikasa ya Unguja matumaini yana sura nne za vitendo. Ni kuuliza nge ametoka wapi. Ni kutafuna mchanga ili usilale. Ni kuvuka kwenda upande uliofundishwa kuudharau. Na ni kulilinda jina lako pale ambapo hakuna pa kuvukia. Aidha, kunusurika si mwisho wa hadithi. Ni mwanzo wa deni.

Matokeo haya yanagusa ufundishaji. Mwalimu anayeridhika na neno "matumaini" katika orodha ya dhamira anamwachia mwanafunzi faraja tupu. Mwanafunzi wa Unguja anaishi katika kisiwa ambako vijana wangali wanazungumza juu ya kuzamia meli na kuondoka, na ambako anayefika huko hupiga simu kusema amefika, si kusema nani alimfikisha. Kumfundisha auulize kila mkasa maswali mawili, yaani mhusika alisoma dalili gani na nani alilipa, ni kumpa nyenzo ya kuisomea riwaya na pia habari atakayoipokea kesho baharini. Uhakiki nao unadaiwa utafiti zaidi: nafasi ya wanawake wasaidizi katika riwaya za Mohamed Suleiman Mohamed na Said Ahmed Mohamed haijapimwa kwa mizani hii. Wengi wao wamesimama pale pale ambapo kauli ya kutendeka humweka mwokozi, yaani nje ya sentensi.